Bima ya maisha ughaibuni: isome kuanzia siku ya madai

Wakala wa bima akikaa na mtu anayeishi nchi ya kigeni, mazungumzo huanza na kiasi cha fidia na ada ya kila mwezi. Hayo yana wakati wake. Kwanza mjue atakayedai. Siku ukifariki, nani ataiandikia kampuni? Atakuwa nchi gani, anajua lugha ipi, ana hati zipi mkononi, na je, ana akaunti ya benki inayoweza kupokea fedha kutoka huko? Bima za wageni zinapokwama, mara nyingi chanzo si ugonjwa wala udanganyifu. Hukwamia kwenye barua iliyotumwa anwani ya zamani, kadi ya benki iliyokwisha muda, cheti kisichotafsiriwa, au jina la mnufaika, yaani atakayelipwa fidia, lisilofanana na la pasipoti. Ndiyo maana tunashauri mkataba usomwe kinyumenyume: anza na ukurasa wa madai, urudi hadi kwenye ada.

Chukua karatasi uandike nchi nne: unakoishi, unakotoka kwa uraia, kampuni ya bima ilikosajiliwa, na wanakoishi wanufaika. Kwa mtu asiyehama zote nne ni moja. Kwako zinaweza kuwa nne kweli, na kila moja ina lake la kusema. Nchi ya kampuni huamua sheria ya mkataba na kinga ya mwenye bima kampuni ikifilisika. Nchi unakoishi inaweza kudai kodi. Nchi ya mnufaika nayo inaweza kumtoza kodi yeye, hata kama wewe hukuwahi kuishi huko. Uraia pekee unaweza kukufuata na fomu za kujaza kila mwaka. Karatasi hiyo itakusaidia katika kila uamuzi unaofuata.

Ikatwe wapi?

Bima ya muda maalumu, inayolipa tu ukifariki ndani ya miaka iliyopangwa na isiyo na akiba ndani yake, ikikatwa nyumbani kabla ya kuondoka mara nyingi ndiyo bora. Mikataba mingi ya aina hiyo hulipa popote duniani kifo kinapotokea, mradi ulikuwa mkazi wa nchi hiyo siku ya kuikata na ulijibu maswali kwa ukweli. Swali lenye mtego liko kwenye fomu ya maombi: je, unatarajia kuishi au kusafiri nje ndani ya miezi 12 au 24 ijayo? Mtu aliyekwisha kusaini mkataba wa kazi ng'ambo akijibu "hapana", ameipa kampuni sababu halali ya kukataa madai. Jibu "ndiyo", taja nchi, taja mji, taja aina ya kazi. Kampuni inaweza kupandisha ada au kukataa, lakini itakayokubali imekubali ikijua. Anza miezi mitatu kabla ya safari, kwa sababu vipimo vya afya, ripoti ya daktari na tathmini ya kampuni huweza kula wiki sita au zaidi, na ukishapanda ndege wewe si mkazi tena.

Ukishahama, kampuni za nyumbani kwa kawaida hukukatalia maombi mapya. Hazina chuki nawe. Leseni yao haiwaruhusu kumuuzia bima mtu aliye nchi nyingine. Wakazi wa Ulaya walilionja hili pale kampuni za Uingereza zilipopoteza haki ya kuuza kwa leseni moja ndani ya Umoja wa Ulaya, mwisho wa kipindi cha mpito baada ya Uingereza kujitoa kwenye Umoja huo, tarehe 31 Desemba 2020. Kampuni kadhaa zilihamishia mikataba ya wateja wa Ulaya kwenye kampuni tanzu Ireland au Luxembourg. Mteja aliyetupa barua ya kumjulisha uhamisho huo bila kuisoma anaweza leo kuwa anaitaja kampuni isiyo tena mwenye mkataba wake.

Bima ya nchi unakoishi ina faida ya wazi: fedha ya huko, ofisi ya huko, msimamizi wa serikali wa huko. Tafuta kifungu cha ukaazi. Baadhi ya mikataba hukoma, au huacha kuongezwa muda, mwenye bima akihama nchi. Mingine huendelea ila hutaka ada itoke benki ya nchi hiyo, na benki hiyo hiyo hufunga akaunti ya mtu ambaye kibali chake cha ukaazi kimekwisha. Kama unategemea kuhama tena baada ya miaka mitatu, hilo ni tatizo la uhakika, si la kubahatisha.

Chaguo la tatu ni kampuni za kimataifa zinazohudumia wageni kutoka vituo kama Isle of Man, Guernsey au Luxembourg. Hizi huruhusu kuhama nchi hadi nchi, na ada yake huwa juu. Uliza kinga kampuni ikianguka. Isle of Man ina mfuko unaoweza kufidia wenye bima ya maisha hadi asilimia 90 ya deni la kampuni. Luxembourg hutaka mali zinazosimama nyuma ya mikataba ziwekwe kando na mali za kampuni yenyewe, katika benki iliyokubaliwa na msimamizi. Kama anayekuuzia hawezi kueleza kinga hiyo kwa sentensi mbili, muulize tena kwa maandishi.

Kuna bidhaa moja ambayo huuzwa sana kwa wageni ikivaa jina la bima: mpango wa akiba wa miaka 15, 20 au 25, wenye chembe ndogo ya bima ndani yake. Wakati mwingine fidia ya kifo ni asilimia 101 tu ya thamani ya akiba yenyewe, maana yake bima halisi humo ni asilimia moja. Michango ya miezi 18 hadi 24 ya mwanzo hufungwa, na makato yake huendelea hadi mwisho wa mkataba. Anayevunja mwaka wa tatu anaweza kukuta amebaki na kiasi kidogo mno cha alichoweka. Muuzaji hulipwa kamisheni mapema, ikikokotolewa kwa miaka yote ya ahadi, na hiyo ndiyo sababu anakuhimiza usaini muda mrefu. Maisha ya mgeni hubadilika haraka kuliko miaka 25. Tunasema bila kusita: mwenye kutafuta ulinzi wa familia anunue bima ya muda maalumu, na akiba aiweke mahali pengine.

Bima ya mwajiri haitoshi

Waajiri wengi hutoa bima ya kikundi yenye fidia ya mishahara ya mwaka mmoja hadi minne. Ni zawadi njema isiyopaswa kuingia kwenye hesabu yako ya msingi. Hukoma siku ya mwisho ya kazi, na mgeni akipoteza kazi mara nyingi hupoteza kibali, nyumba na bima ya afya mwezi huo huo. Akiwa na umri wa miaka 48 na shinikizo la damu, bima mpya atakayopewa haitafanana na ile ambayo angekata akiwa na 38. Baadhi ya mikataba, hasa ya Marekani, humruhusu kuigeuza kuwa bima yake binafsi bila kupimwa afya, lakini dirisha hilo kwa kawaida ni siku 31. Omba masharti hayo idara ya rasilimali watu siku unapoanza kazi, maana siku unapoachishwa hakuna atakayekumbuka kukuambia.

Soma pia kama ni bima ya kifo cha aina yoyote au cha ajali tu. Bima ya ajali, na fidia ya kifo iliyomo kwenye bima za safari, hailipi mshtuko wa moyo wala saratani. Kisha jaza fomu ya mnufaika. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba bima ya mwajiri ilipwe mke aliyekwisha talikiwa kwa sababu jina lake ndilo lililobaki kwenye fomu, ingawa sheria ya jimbo ilisema talaka humfuta mwenzi. Talaka, ndoa mpya, mtoto mpya: kila tukio ni fomu mpya, na kila bima ina fomu yake.

Kiasi, na fedha ya nchi gani

Hesabu ya kawaida ni madeni, jumlisha matumizi ya familia kwa miaka itakayohitaji msaada, toa akiba. Kwa mgeni ongeza kitu kimoja ambacho husahaulika: gharama ya kuvunja makazi. Katika nchi nyingi kibali cha mwenza na watoto kinategemea ajira ya aliyefariki. Familia inaweza kuwa na wiki chache tu za kuondoka, huku kodi ya nyumba ikidaiwa hadi mwisho wa mkataba na ada ya shule ikiwa imeshalipwa bila kurudishwa. Tuseme familia inatumia 24,000 kwa mwaka na mtoto wa mwisho ana miaka 12 kabla hajajitegemea: hiyo ni 288,000. Deni la nyumba ni 60,000. Kuhama na kuanza upya, matumizi ya miezi sita, 12,000. Jumla 360,000. Akiba ni 60,000, kwa hiyo bima inayohitajika ni 300,000. Bima ya mwajiri haikutolewa humo, kwa sababu tulizokwisha kueleza.

Si lazima yote iwe mkataba mmoja. Mkataba wa 240,000 kwa miaka 12 na mwingine wa 60,000 kwa miaka iliyobaki ya deni ni nafuu kuliko mmoja mkubwa wa miaka 20, na ukihama unaweza kuacha mmoja bila kuua mwingine.

Fidia iwe katika fedha ambayo familia itaitumia baada ya kifo, si ile unayolipwa mshahara. Fedha ya fidia ikishuka robo dhidi ya fedha ya nyumbani, 300,000 inanunua vitu vya 225,000. Kama deni liko nchi moja na watoto watakulia nyingine, mikataba miwili ya fedha mbili ni jibu la busara. Ada nayo ina hatari hiyo hiyo kinyume chake: ukilipa kwa fedha dhaifu ada iliyopangwa kwa fedha imara, itapanda kila mwaka machoni pako ingawa mkataba unasema haibadiliki.

Fomu na vipimo

Kampuni hutaka kujua historia ya afya, urefu na uzito, magonjwa ya wazazi, kazi, michezo ya hatari, mapato, na nchi ulizotembelea. Kwa kiasi kikubwa cha fidia itataka damu, mkojo na kipimo cha moyo. Kwa mgeni ugumu ni kumbukumbu zilizotawanyika. Ulitibiwa nchi tatu, kwa lugha tatu, na huna jalada moja. Kabla ya kujaza, kusanya barua za hospitali na tarehe zake, hata za jambo ulilodhani dogo. Kipimo kilichosubiri majibu ni jambo la kutajwa. Uliyeacha sigara, kampuni nyingi hukuhesabu kuwa huvuti baada tu ya miezi 12 bila nikotini ya aina yoyote, ikiwemo ya sigara za umeme na ya vibandiko, na kipimo cha kotinini, alama inayoachwa na nikotini mwilini, kwenye mate au mkojo kitaonyesha.

Katika mikataba mingi, miaka miwili ya kwanza kampuni ina haki pana ya kuchunguza ulichoandika. Kifo kilichotokea nchi ya kigeni ndani ya kipindi hicho hukaguliwa kwa makini maradufu, kwa sababu ndipo pia walaghai hujaribu bahati. Kujiua kwa kawaida hakulipwi ndani ya mwaka wa kwanza hadi wa tatu, kutegemea mkataba. Vita ni kifungu cha kusomwa neno kwa neno. Kuna mikataba inayokataa tu aliyeshiriki mapigano, na kuna inayokataa kifo chochote kinachotokana na vita hata cha mpita njia. Mingine huangalia kama serikali ilikuwa imewaonya raia wake wasiende huko. Kwa mhandisi, mwanahabari au mfanyakazi wa misaada, tofauti hiyo ndiyo bima yote.

Ukipokea mkataba, una siku za kuufikiria na kuurudisha bila hasara, mara nyingi 14 hadi 30. Zitumie kulinganisha kila jibu lililochapishwa na ulichosema kwa mdomo. Wakala akikosea kuandika, saini ni yako.

Kinachoua bima iliyo hai

Ada isiyofika. Hili linapita mengine yote. Umehama, benki ya zamani imefunga akaunti, au kadi mpya ina tarehe mpya. Malipo yanagonga mwamba. Kampuni inatuma onyo kwenye anwani uliyoiacha. Siku za nyongeza, kwa kawaida 30 au 31, zinapita, na bima inakatika kimya kimya. Kuifufua kunawezekana mara nyingi, lakini kwa tamko jipya la afya, na kipindi cha uchunguzi huweza kuanza upya.

Lipa kwa mwaka, siyo kwa mwezi, kama uwezo upo. Nafasi za kukosea zinashuka kutoka 12 hadi 1. Weka tarehe ya ada kwenye kalenda ya watu wawili. Ipe kampuni barua pepe binafsi, kamwe si ya kazini, na namba ya simu ya mtu wa pili ambaye kampuni inaruhusiwa kumjulisha bima ikikaribia kukatika. Ukihama, wajulishe kwa maandishi na uhifadhi jibu lao. Wengine huogopa kwamba taarifa ya kuhama itavunja bima. Soma kifungu kwanza: kama mkataba haukatazi kuhama, taarifa haikudhuru, na kama unataka taarifa, ukimya ndio utakaokudhuru.

Wanufaika, mirathi na kodi

Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na tarehe ya kuzaliwa, uhusiano na asilimia. Weka mnufaika wa pili, maana wanandoa husafiri gari moja na ndege moja. Usimwandike mtoto mdogo peke yake. Fedha inaweza kushikwa na mahakama hadi afikie utu uzima. Mtaje mlezi au tengeneza amana, yaani mpango ambao wadhamini hushika fedha kwa faida ya mtoto.

Pasipo mnufaika fedha huingia kwenye mirathi, na hapo ndipo swali la sheria ya nchi ipi linapofumuka. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 650 ya 2012, inayotumika kwa vifo tangu 17 Agosti 2015, husema kwa kawaida mirathi ifuate sheria ya mahali marehemu alipokuwa anaishi, isipokuwa kama alichagua kwa wosia sheria ya uraia wake. Denmark na Ireland hazimo. Mgeni asiyejua hili anaweza kuacha mirathi igawanywe kwa mafungu ambayo hakuyataka.

Kodi hutofautiana mno, na mifano michache inatosha kuonyesha kwa nini mshauri wa kodi alipwe. Uingereza hutoza asilimia 40 juu ya mali ya marehemu inayozidi pauni 325,000, na bima iliyowekwa kwenye amana kwa kawaida haihesabiwi humo. Tangu 6 Aprili 2025 aliyekaa huko miaka 10 kati ya 20 iliyotangulia huguswa hadi kwenye mali zake za nje. Ujerumani humsamehe mwenzi wa ndoa yuro 500,000, ila mchumba anayeishi nawe bila ndoa 20,000 tu. Wachumba huko hukata kwa kupishana: kila mmoja anamiliki na kulipia mwenyewe bima ya uhai wa mwenzake, hivyo fidia si urithi. Ufaransa, kwa bima ya maisha ya akiba, mwenzi wa ndoa halipi kitu, na wengine husamehewa yuro 152,500 kila mmoja kwa michango iliyowekwa kabla ya mwenye bima kutimiza miaka 70. Japani husamehe yen 5,000,000 mara idadi ya warithi wa kisheria. Marekani hutoza asilimia 1 ya ada inayolipwa kwa kampuni ya nje kwa bima ya raia au mkazi wake, na bima ya nje yenye thamani ya fedha ndani yake huhesabiwa kwenye akaunti za kuripotiwa zikizidi kwa jumla dola 10,000. Bima ya muda maalumu isiyo na akiba haina mzigo huo wa kuripoti, sababu nyingine ya kuipenda.

Siku yenyewe

Fedha ya bima haiji wiki ile. Usiitegemee kwa mazishi wala kusafirisha mwili. Hiyo iwe kwenye bima ya afya au ya safari yenye kifungu cha kurudisha mwili, na namba yake ya dharura ijulikane nyumbani. Katika nchi kadhaa benki huzuia akaunti za marehemu, hata za pamoja. Mwenza awe na akaunti yake peke yake yenye matumizi ya miezi mitatu hadi sita.

Madai huanza kwa taarifa kwa kampuni, haraka iwezekanavyo, hata kabla cheti hakijatoka. Kisha hukusanywa cheti cha kifo kinachotaja sababu, mkataba, kitambulisho cha mnufaika, uthibitisho wa uhusiano na wa anwani, taarifa za benki, na ripoti ya hospitali au ya polisi kama kifo kilikuwa cha ghafla. Omba nakala halisi sita hadi kumi za cheti pale pale nchini kabla ya kuondoka, kwa kuwa kurudi kuziomba ukiwa mbali huchukua miezi. Kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 5 Oktoba 1961, cheti kinagongwa muhuri wa apostili, unaothibitisha hati ya nchi moja ili ikubalike nchi nyingine. Kama moja haimo, kinapitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Muhuri utangulie, tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa ifuate, ili muhuri wenyewe nao utafsiriwe. Ukibadilisha mpangilio huo, unaweza kulipa mara mbili.

Ripoti ya sababu ya kifo ndiyo huchelewesha zaidi. Baadhi ya nchi hutoa cheti kisichosema sababu, au huandika "moyo kusimama" tu. Mwombe daktari aliyetibu barua fupi yenye tarehe na utambuzi wa ugonjwa kabla familia haijaondoka. Benki ya mnufaika nayo iulizwe mapema kama inapokea kiasi hicho kutoka nje na itataka hati gani, kwa kuwa fedha ikirudishwa ilikotoka, ukaguzi wote huanza upya.

Yote haya yaingie kwenye karatasi moja: jina la kampuni kama lilivyo sasa, namba ya mkataba, kiasi, tarehe ya ada inayofuata, akaunti inayolipia, simu na barua pepe ya idara ya madai, na ilipo hati yenyewe. Nakala moja nyumbani, moja kwa mtu unayemwamini nchi nyingine. Iandikwe upya kila mnapohama, na tarehe iwekwe juu kabisa ili anayeishika ajue kama ni ya mwaka huu au ya nchi mliyokwisha kuiacha.